Flashi zimegeuka shotkati, na nimefungua APK ya "malipo ya korosho": nianze wapi?

Swali: Kaka, habari za kazi. Nina steshenari hapa Masasi, upande wa Mkuti. Nachapa, natoa kopi, najazia watu fomu za mtandaoni, na pembeni nina uwakala wa pesa. Tangu wiki iliyopita kila flashi inayoingia kwenye kompyuta yangu mafaili yake yanageuka shotkati. Mteja mmoja ambaye ni mwalimu kanilalamikia kuwa ameipeleka shuleni ikaambukiza kompyuta ya ofisi. Nikiwa bado nahangaika na hilo, baba akanirushia faili kutoka grupu la wakulima, limeandikwa "Orodha ya Malipo ya Korosho", mwishoni lina herufi apk, akataka nimwangalizie kama jina lake limo. Nikalifungua kwenye simu yangu, likaomba ruhusa, nikakubali, halafu halikuonyesha kitu. Simu hiyo ndiyo yenye laini ya uwakala. Nimeambiwa ninunue antivairasi ya kulipia, itamaliza yote. Ni kweli? Na nianze na simu au kompyuta?

Jibu:

Dada, pole sana. Anza na simu, na usinunue kitu chochote leo. Kompyuta inaweza kusubiri hadi kesho, mradi isiingizwe tena flashi ya mtu. Simu haisubiri, kwa sababu ndani yake mna pesa, na nyingine si zako.

Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, iweke simu kwenye hali ya ndegeni na uhakikishe Wi-Fi nayo imezimwa. Chomoa laini zote uzitie kwenye kitochi, hata cha kuazima kwa jirani. Ukiwa kwenye kitochi, ingia menyu ya pesa ya kila laini, *150*00# kama ni Vodacom au ile ya mtandao wako, ubadilishe namba ya siri ya uwakala na ya laini yako binafsi. Usibadilishie kwenye simu yenye shaka, maana utakuwa unamwandikia mwizi namba mpya huku anaangalia. Halafu kagua salio na miamala ya mwisho. Ukiona muamala usioutambua, piga 100 ya huduma kwa wateja pale pale, waombe waisimamishe akaunti. Kama una programu ya benki kwenye simu hiyo, wapigie na benki leo hii, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako na si namba utakayoikuta ukitafuta mtandaoni.

Sasa nikueleze kwa nini nimekukimbiza hivyo.

Faili la APK si hati. Ni programu kamili ya Android, sawa na zile unazoshusha Play Store, ila hii imepita mlango wa nyuma bila kukaguliwa na yeyote. Orodha ya malipo huja kama PDF, kama picha, au kama karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Orodha haiombi kusakinishwa, wala haiombi kusoma meseji zako. Aliyeipa programu yake jina hilo anaijua kalenda ya Kusini vizuri. Minada inapoanza, kuanzia Oktoba, kila nyumba yenye mikorosho kutoka Newala hadi Nachingwea inasubiri meseji moja. Korosho zimeshapelekwa ghalani, zimeuzwa mnadani, mnunuzi anatakiwa kulipa, pesa ishuke chama kikuu, ishuke AMCOS, ndipo iingie kwenye akaunti ya mkulima. Katika siku hizo za kusubiri mtu anabonyeza chochote chenye neno "malipo". Baba yako hakufanya ujinga, na wewe pia hukufanya. Mmeviziwa kwenye jambo mnalolihitaji kweli.

Umesema iliomba ruhusa ukakubali. Hapo ndipo penye uzito wote. Ruhusa mbili ndizo zinazotafutwa na programu za wizi. Ya kwanza ni kusoma meseji, ili namba za uthibitisho zinazotumwa na benki, WhatsApp au Google zimfikie yeye kabla hujaziona wewe. Ya pili ni hatari zaidi, nayo kwenye simu nyingi imeandikwa Accessibility. Iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona au wenye shida ya mikono: programu inasoma kilichopo kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Ni kitu chema kabisa kwa anayekihitaji. Lakini programu ya mwizi ikikipata, nayo inasoma kila kinachoandikwa kwenye skrini, menyu za *150* zikiwemo, na inaweza kubonyeza "kubali" simu ikiwa mezani na wewe unatoa kopi. Tena inajilinda: ukienda kuifuta inakurudisha nyuma, ukidhani simu imekwama.

Kwenye Android 13, iliyotoka mwaka 2022, Google waliweka kizuizi. Programu iliyotoka nje ya duka haipewi Accessibility kirahisi, simu inakuambia mpangilio huo umezuiwa. Matapeli wakajibu kwa kuweka maelekezo ya hatua kwa hatua ya kukiondoa kizuizi, mara nyingine kwa video. Kama ulipitia hatua ndefu za "bonyeza hapa, kisha hapa, kisha ruhusu", basi ruhusa hiyo ulishaitoa.

Kwamba "halikuonyesha kitu" hakumaanishi halikufanya kitu. Programu inaweza kuficha ikoni yake na kuendelea kufanya kazi chini kwa chini.

Kuisafisha simu, iwashe kwanza kwenye Safe mode: shikilia kitufe cha kuzimia, kisha ubonyeze kwa muda mrefu maneno ya kuzima simu mpaka swali la Safe mode litokee. Simu nyingine zina utaratibu wake, lakini kwa nyingi ni huo. Katika hali hiyo programu ulizozisakinisha mwenyewe haziamki, kwa hiyo haitaweza kukurudisha nyuma. Ingia Mipangilio, fungua Accessibility, zima kila usichokijua. Tafuta pia palipoandikwa Device admin apps, uondoe alama kwa programu ile kama imo. Ndipo uende kwenye orodha ya programu zote na uifute. Mara nyingi utaitambua kwa siku iliyosakinishwa, au kwa kuwa na jina la kawaida mno lenye ikoni isiyofanana nalo.

Kwa simu ya mwanafunzi anayechezea gemu ningeishia hapo. Kwa simu yako siishii. Programu moja inaweza kuwa imeshaita nyingine, na wewe unashika pesa za watu. Irudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Hamishia picha zako kwenye memori kadi, uichomoe, na usiitie kwenye kompyuta ya dukani mpaka nayo itakapokuwa safi. Hakikisha majina yamehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google au kwenye laini. Hakikisha pia unalikumbuka neno la siri la Google, maana bila hilo simu inaweza kukataa kufunguka baada ya kufutwa, na wengi wanaangukia mikononi mwa mafundi hapo. Fanya ufutaji kwa kupitia Mipangilio, si kwa vitufe vya pembeni.

Ikishawaka upya, jambo la kwanza ni kubadilisha neno la siri la Google ukiwa kwenye simu hiyo iliyo safi, na kuondoa kifaa chochote usichokijua kwenye akaunti. La pili ni WhatsApp, kutoka Play Store tu. Namba ya uthibitisho itaingia kwenye kitochi, uiandike, kisha uwashe uthibitishaji wa hatua mbili na uangalie palipoandikwa Linked devices kama hakuna kompyuta ya mtu iliyounganishwa. Ukikuta, iondoe. Kama ulikuwa ukitumia GB WhatsApp, usiirudishe. Najua ina rangi nzuri na inaonyesha meseji zilizofutwa. Lakini ni WhatsApp iliyofunguliwa na mtu usiyemjua, akatia anachotaka, akaifunga. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya antivairasi, walikuta kirusi kiitwacho Triada ndani ya FMWhatsApp, na mwaka uliofuata wakakikuta ndani ya YoWhatsApp. Hizo ni ndugu za GB, na zinasambazwa kwa namna ile ile.

Laini ya uwakala usiirudishe kwenye simu janja. Iache kwenye kitochi. Menyu za USSD, yaani zile za *150*, hazihitaji intaneti, kitochi hakisakinishi APK, chaji inakaa siku kadhaa, na hakuna mtu wa kukutumia grupu la wakulima humo. Hili ndilo neno kubwa nililonalo kwako leo, na nitalirudia tukifika kwenye kompyuta: kinachoshika pesa kikae mbali na kinachopokea vitu vya watu. Kutenganisha kunakinga kuliko antivairasi yoyote utakayouziwa.

Ukiwa bado na kitochi mkononi, piga *106# uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtandao husika waifute. Halafu jiandae na simu za matapeli. Baada ya tukio la namna hii mtu anaweza kukupigia akijiita wa huduma kwa wateja, anajua jina lako, anataka "kukusaidia kurudisha pesa". Mtandao wako ukikupigia unatumia 100. Anayetumia namba ya kawaida na kutaka namba ya siri ni tapeli, hata akikutajia jina la mama yako.

Niguse na programu za mikopo, kwa sababu zinaingia kwa njia hiyo hiyo na kipindi cha kununua salfa na dawa za mikorosho watu hubanwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Malalamiko makubwa ya watu yalikuwa kwenye ruhusa ya kusoma majina ya simu: ukichelewa kulipa siku moja, shemeji, mchungaji na mwajiri wako wanapokea meseji za kukuaibisha. Programu ya mkopo inayotaka majina yako yote ya simu kabla ya kukupa shilingi imeshakwambia itakavyokudai.

Sasa kompyuta.

Zamani kirusi cha flashi kilikuwa kinajiendesha chenyewe mara tu ukichomeka. Microsoft walifunga njia hiyo, kwanza kwenye Windows 7, kisha mwaka 2011 kwa masasisho ya Windows za nyuma yake. Waandishi wa virusi wakabadili mbinu, wakaamua kusubiri kidole chako. Flashi inapochomekwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa, kirusi kinaficha mafaili yako yote, mara nyingi ndani ya folda isiyo na jina, kisha kinaacha ikoni moja au kadhaa zenye majina uliyoyazoea. Iangalie ikoni kwa karibu: kwenye pembe ya chini kushoto ina mshale mdogo uliojikunja. Huo mshale ndio ushahidi. Ukiibonyeza, inafanya mambo mawili kwa pamoja. Inaendesha kirusi, na inakufungulia folda iliyofichwa ili uone mafaili yako na usishtuke. Ndiyo maana mwalimu wako aliendelea kufanya kazi shuleni bila kujua kwamba ofisi nzima imeshaambukizwa.

Kwa hiyo habari njema ni kwamba mafaili ya wateja hayajapotea. Angalia nafasi iliyotumika kwenye flashi. Kama bado inasoma imejaa huku unaona shotkati moja tu, vitu vyote vimo humo.

Utaratibu ni kompyuta kwanza, flashi baadaye. Wengi wanageuza. Wanasafisha flashi kwenye kompyuta chafu, wakichomoa na kurudisha shotkati zimerudi, wanasema kirusi ni sugu. Fungua Windows Security, sasisha orodha yake ya virusi, kisha chagua ukaguzi ulioandikwa offline scan. Kompyuta itajizima na kujiwasha, itajikagua kabla Windows haijaamka, wakati kirusi nacho kimelala. Ikirudi, fanya na ukaguzi kamili. Fungua Task Manager, kwenye kipengele cha Startup zima usichokitambua. Kwenye orodha ya vinavyoendeshwa ukiona wscript na hakuna kitu ulichokianzisha, kisimamishe, maana vingi vya virusi hivi vimeandikwa kwa skripti na huendeshwa nacho.

Ndipo uchomeke flashi, bila kubonyeza kitu ndani yake. Angalia imepewa herufi gani, tuseme E, ufungue Command Prompt na uandike hivi, ukibadilisha herufi kama ni nyingine:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zingatia nafasi kati ya vipande. Amri hii inayavua mafaili yale mavazi ya kujificha. Folda isiyo na jina itaonekana. Nakili hati zenyewe tu, yaani Word, Excel, PDF na picha, uziweke kwenye folda mpya ya kompyuta. Chochote kinachoishia na lnk, vbs, js au exe kiache. Kisha ifomati flashi na uzirudishe hati. Kabla ya yote hayo washa mpangilio wa kuonyesha herufi za mwisho za majina ya mafaili, kwenye View ya File Explorer. Windows huzificha, na hapo ndipo faili la "CV yangu.pdf.exe" linapopita likijifanya PDF.

Kama Windows Security inakataa kufunguka, au imeandikwa imezimwa na huwezi kuiwasha, nina swali ambalo sihitaji unijibu: Windows yako iliwashwa kwa kraki, yaani kijiprogramu cha kukwepa kulipia? Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua huku, iwe Mtwara Mjini au Lindi, zinakuja na Windows na Office zilizopigwa kraki. Kraki hiyo kwa kawaida humtaka fundi azime ulinzi kwanza, na baada ya hapo hakuna anayejua kimeingia nini kingine. Ni njia kubwa ya virusi vinavyoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na vile vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Ikiwa ndiyo hali yako, usihangaike na kusafisha. Toa hati zako, piga Windows upya kutoka kwenye faili lililoshushwa tovuti ya Microsoft, kwenye kompyuta iliyo safi. Windows isiyolipiwa inafanya kazi. Itakuwekea maandishi pembeni ya skrini na itakuzuia kubadilisha picha ya nyuma, lakini masasisho ya usalama inapata. Maandishi pembeni ni afadhali mara nyingi kuliko kraki. Na kwa Office, LibreOffice ni ya bure na inachapa vizuri.

Sasa nirudi kwenye kutenganisha, kwa sababu steshenari si kompyuta ya nyumbani. Mwaka 2023 wachunguzi wa Mandiant, kampuni ya usalama iliyo chini ya Google, walieleza kazi ya kikundi cha ujasusi kinachohusishwa na China kilichokuwa kikisambaza kirusi kiitwacho Sogu kwa flashi. Mashirika makubwa ya kimataifa yaliambukizwa kupitia ofisi zao za Afrika, na Tanzania ilitajwa miongoni mwa nchi hizo. Sehemu mojawapo walizozitaja kuwa chanzo ni kompyuta za pamoja kwenye maduka ya kuchapisha na mikahawa ya intaneti. Dada, hilo ni duka kama lako na langu. Mtumishi wa halmashauri, mhasibu wa AMCOS, muuguzi na mwanafunzi wa chuo, wote flashi zao zinakutana kwenye tundu moja la kompyuta yako, halafu kila mmoja anarudi nayo kazini kwake. Zahanati hailazi mgonjwa wa kipindupindu na mzazi kitanda kimoja, hata ikiwa na dawa za kutosha.

Kwa hiyo tafuta kompyuta kuukuu, hata ile inayokwama kwa Windows, uiwekee Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaokaa badala ya Windows, nao ni wa bure. Hiyo iwe ya kupokea flashi za wateja na kuchapa. Shotkati za Windows na skripti zake haziendi humo. Utaziona zimelala kama mafaili mengine, na mafaili yaliyofichwa kwa Windows yanaonekana wazi. Mpangilio wa hati ya Word unaweza kuyumba kidogo ukifungua kwa LibreOffice, kwa hiyo mwombe mteja akuletee PDF inapowezekana. Wateja wenye simu watume kwa WhatsApp au barua pepe, flashi ibaki kwa wasio na njia nyingine. Na kompyuta yenye mahesabu yako, hati zako na fomu za mtandaoni isipokee flashi ya mtu kabisa.

Kama kompyuta ni moja tu kwa sasa, jitengenezee akaunti ya mtumiaji wa kawaida ndani ya Windows, ufanye kazi za kila siku humo, na ile ya msimamizi uibakize kwa kusakinisha vitu. Haizuii yote, lakini kirusi kinachopita kwa mtumiaji wa kawaida hakipati funguo za nyumba nzima.

Umeuliza kuhusu antivairasi ya kulipia. Jibu langu ni hapana, kwa sasa. Ulinzi uliomo ndani ya Windows 10 na 11 unatosha duka lako, ukiwa umewashwa na unasasishwa. Usiweke mbili kwa pamoja, zitagombana na kompyuta itakuwa nzito. Kwenye simu, hakikisha Play Protect, ulinzi uliomo ndani ya Play Store, imewashwa na ufute zile programu za "kusafisha" na "kuongeza spidi". Nyingi ni matangazo matupu. Pesa uliyotaka kununulia antivairasi nunulia diski ya nje. Nakili humo hati zako kila Jumamosi kabla ya kufunga, kisha uichomoe. Diski inayoshinda imechomekwa itafungwa na kirusi pamoja na kompyuta.

Najua masasisho yanakula bando, na hiyo ndiyo sababu watu wanayazima. Yapange usiku kwa bando la usiku, lakini yafanye. Kirusi cha WannaCry, kilichosambaa zaidi ya nchi 150 Mei 2017 na kuzilemea hospitali za Uingereza, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wameliziba Machi mwaka huo huo. Walioumia wengi walikuwa hawajasasisha. Angalia pia kama unatumia Windows 10. Msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako haiwezi Windows 11, hiyo nayo ni sababu nyingine ya kuipa Linux.

Kuna watu hawazungumzwi sana tukisema virusi, nao ni wateja unaowajazia fomu. Mkopo wa HESLB, Ajira Portal, TRA, BRELA: kivinjari kinauliza "nihifadhi neno la siri?" na wewe kwa haraka unabonyeza ndiyo. Fungua sehemu ya maneno ya siri kwenye Chrome yako sasa hivi uone umeshika ya watu wangapi. Yafute yote. Kuanzia leo fomu za wateja zifungulie kwenye dirisha la Incognito, lile lisilobakiza kumbukumbu likifungwa, mteja aandike mwenyewe neno lake, na mkimaliza ulifunge dirisha. Nakala za vitambulisho vya NIDA na vyeti zilizojaa kwenye desktopu nazo zifute kila jioni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mteja ziko chini ya dhamana yako tangu anapokukabidhi.

Kuhusu baba na grupu: mwambie asilibonyeze lile faili, na kama alishalibonyeza, naye apitie hatua za mwanzo kama wewe. Piga picha ya skrini ya meseji ilivyoingia kwenye grupu kabla hajaifuta. Namba ya tapeli iripotiwe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na kama kuna pesa iliyotoka, nenda polisi na picha hizo ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Kosa hilo limo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ila msimshambulie mwanagrupu aliyelituma. Programu za namna hii zinaweza kujituma zenyewe kutoka kwenye simu ya mtu ziliyemkamata, na pengine hata hajui. Apigiwe simu aambiwe, tena haraka, maana naye ana pesa za korosho njiani.

Mwisho, wateja. Najua unaogopa kwamba ukisema duka lina kirusi watahamia kwa jirani. Waambie tu, kuanzia yule mwalimu. Waandikie hivi kwenye hali yako ya WhatsApp na ubandike karatasi mlangoni: kompyuta yetu ilipata kirusi cha flashi wiki iliyopita, kama ulichapa hapa, usibonyeze shotkati yoyote, lete flashi yako tuisafishe bure. Na kwa mwalimu nenda mwenyewe na ile amri ya attrib ukiwa umeiandika kwenye karatasi, uanze na kompyuta ya ofisi ya shule, ndipo flashi.